Kebo Moja, Kamera Nyingi: Kifaa Kipi Kinafaa Kununuliwa

Mara nyingi kebo ya kwanza ya mtandao hulazwa kwa ajili ya kamera moja ya ulinzi, tuseme ya getini, na baada ya miezi michache mwenye nyumba hugundua kwamba anahitaji nyingine ya kutazama ukuta wa nyuma na ya tatu ya kutazama maegesho. Kulaza kebo mpya ni kuchimbua njia tena au kutoboa kuta zilizokwisha kupakwa rangi, kwa hiyo swali la kwanza huwa ni kama kebo iliyopo inaweza kubeba kamera zote. Inaweza, ila si kwa kifaa chochote utakachokiona dukani. Hapa nimevipanga vifaa vinavyouzwa kwa kazi hiyo, kuanzia ninachokipendekeza zaidi hadi ambacho ningekiacha kwenye rafu, na kigezo changu kikuu ni umeme, kwa sababu huko ndiko mifumo mingi ya namna hii inakokwama.

Kuhusu picha, hesabu ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 4 inayobana video kwa H.265 (mbinu ya kupunguza ukubwa wa video) kwa kawaida hutuma megabiti 4 hadi 6 kwa sekunde. Kebo ya Cat5e, aina ya kawaida ya kebo ya mtandao, hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, hivyo kamera nne za aina hiyo zikiwa pamoja hazifikii hata asilimia 3 ya uwezo wake.

Umeme una masharti makali zaidi. Teknolojia ya PoE, inayopitisha umeme katika kebo ileile inayobeba data, ina viwango vitatu ambavyo mnunuzi anapaswa kuvitambua kwenye boksi la kifaa. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa wati 15.4 kwenye chanzo na kuhakikisha wati 12.95 kwa kifaa kilicho mwisho wa kebo, 802.3at cha mwaka 2009 hutoa 30 na kufikisha 25.5, na 802.3bt cha mwaka 2018 hutoa 60 au 90, na kufikisha 51 au 71.3. Tofauti ya tarakimu hizo hupotea njiani kama joto. Sasa, kamera ya kawaida isiyozunguka inaweza kutumia wati 4 mchana, lakini giza likiingia na taa zake za infraredi (za kuonea gizani) kuwaka, matumizi hupanda hadi 6, 7 au zaidi. Ndiyo maana mfumo unaofanya kazi vizuri fundi anapoukabidhi saa nane mchana huanza kuzima na kuwaka wenyewe saa moja jioni. Piga hesabu kwa wati za juu kabisa zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kamera, wala usitumie za wastani.

Nafasi ya kwanza naipa swichi ya PoE yenye umeme wake, yaani kifaa kinachogawa kebo moja ya mtandao kwa vifaa vingi kupitia matundu yaitwayo poti, inayofungwa kule kamera ziliko. Kebo ndefu hubaki na kazi moja tu ya kupitisha data, na swichi hulisha kamera kwa vipande vifupi vya kebo. Kwa kuwa kikomo cha mita 100 huhesabiwa kati ya kifaa na kifaa, swichi hiyo pia huanzisha hesabu upya, na kamera inaweza kukaa mita nyingine 100 mbele yake. Unaponunua, usidanganywe na idadi ya poti: swichi ya poti 8 yenye jumla ya wati 60 haiwezi kutoa wati 15.4 katika kila poti, hivyo angalia jumla hiyo kwanza. Hakikisha vilevile kwamba poti inayorudi kwenye kinasa (kifaa kinachohifadhi video za kamera) ni ya megabiti 1,000, kwa maana kamera nane za 4K zinaweza kuijaza ya megabiti 100. Kama swichi itakaa nje, boksi lisilopitisha maji peke yake halitoshi. Ndani ya boksi lililofungwa, juani, swichi ya mezani huchemka, na ni afadhali kulipia ile ya viwandani iliyotengenezwa kustahimili joto kali. Udhaifu wake ni kwamba umeme wa upande ule ukikatika kamera zote hulala, hata kama kinasa kina betri ya akiba.

Udhaifu huo ndio unaoipa hadhi swichi ya nafasi ya pili, ile isiyohitaji soketi kwa sababu inalishwa na kebo yenyewe. Ina poti moja ya kupokea umeme na data, na poti kadhaa za kuvigawa. Mahali pasipo na umeme kabisa, hii ndiyo inayokuwa ya kwanza, na betri moja iliyo upande wa kinasa hulinda mfumo mzima. Lakini mgawo wake ni finyu. Ikilishwa kwa 802.3at hupokea wati 25.5, yenyewe ikitumia takriban 4, zinabaki kama 21, ambazo ni kamera tatu za wati 7 bila akiba yoyote. Kwa kamera nne au zaidi chukua inayopokea 802.3bt, na ununue pamoja nayo injekta (kifaa kinachoingiza umeme kwenye kebo ya data) au swichi ya kiwango hichohicho kwa upande wa pili, kwa kuwa poti ya 802.3af haitaipa kinachotosha. Kuna mtego mwingine ambao wauzaji huupita haraka: baadhi ya swichi hutenga umeme kulingana na daraja la kamera (kundi la PoE ambalo kamera imepangwa) na si kulingana na inachotumia, hivyo kamera ya wati 6 iliyo katika daraja la 3 hutengewa wati 15.4, na ya pili hukataliwa ingawa wati zipo.

Nafasi ya tatu ni splita za jozi. Kebo ina jozi nne za nyaya, na mawasiliano ya megabiti 100 hutumia mbili tu, kwa hiyo splita mbili, moja kila mwisho, huigeuza kebo moja kuwa njia mbili. Ni rahisi na hazichemki, lakini kikomo chake ni kamera mbili, na zinahitaji poti mbili kwenye chanzo, tena zinazopitisha umeme kwenye jozi za data, kwani jozi zilizokuwa huru sasa zina kamera ya pili.

Ya mwisho ni ile plagi ndogo yenye umbo la Y inayounganisha nyaya zote kwa pamoja bila kitu chochote ndani. Ethaneti, yaani mfumo wa mawasiliano unaotumika kwenye kebo hizi, hutarajia kifaa kimoja tu katika kila mwisho wa kebo; ukiweka viwili, vinaingiliana na hakuna kinachosikika. Iache.

Chochote utakachochagua, epuka vifaa vya PoE visivyofuata kiwango, hasa vya volti 24, ambavyo husukuma umeme bila kwanza kupima kilichounganishwa, na vinaweza kuunguza kisichouhitaji. Kama kebo bado haijalazwa, nunua ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba huonekana sawa kwa macho, lakini ukinzani wake ni mkubwa zaidi, volti hushuka njiani, na hitilafu yake hujitokeza usiku uleule wa taa za infraredi. Kwa nje tafuta ganda linalostahimili jua, na weka kinga ya radi pande zote mbili ikiwa kebo inatoka jengo moja hadi jingine.

Lipo pia suala la kinasa. Vinasa vyenye poti za PoE nyuma kwa kawaida hutoa umeme wa kamera moja katika kila poti, kwa hiyo usitegemee poti hizo kulisha swichi ya kamera nne. Chomeka injekta kati yake na kebo, au tumia poti ya kawaida ya mtandao. Na kwa kuwa kamera za kampuni moja zinaweza kutoka kiwandani zikiwa na anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kamera kwenye mtandao) ileile, ziwashe moja baada ya nyingine, ukiipa kila moja anwani yake kabla ya kuchomeka inayofuata.