Siku moja Lunenburg kwa gari-nyumba: mji unafaa, gari limezidi

Tulikodi gari-nyumba mjini Halifax mwezi wa Julai, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake, tukafuata barabara kuu ya 103 hadi Lunenburg, mji wa wavuvi ulioko yapata kilomita 100 kusini-magharibi, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Nitasema mapema kwamba mji ule ningeurudia hata kesho, lakini gari la ukubwa ule nisingelipeleka huko mara ya pili.

Nianze na gari, kwa kuwa ndilo lililokula fedha nyingi zaidi. Lilikuwa na urefu wa mita saba na nusu hivi, safi, na injini yake haikutusumbua hata kidogo. Kasoro ilikuwa katika makabidhiano. Mhudumu wa kampuni iliyotukodisha alitupitisha katika swichi na mabomba yote kwa dakika kumi, akatia saini, akaondoka, na tulipofika kambini tukagundua kwamba hatukupewa vibao vya kusawazishia magurudumu. Jambo hili si la urembo. Friji ya gesi ya magari haya hutegemea kimiminika kinachozunguka kwa mvuto wa dunia, kwa hiyo gari likilala upande kwa muda mrefu friji haipoi sawasawa na inaweza kuharibika. Jirani wa kambini alituazima vibao vyake; bila yeye tungehangaika usiku kucha.

Umeme nao una hesabu yake. Plagi ya kambi ilikuwa ya ampea 30 kwa volti 120, maana yake wati 3,600 kwa nyumba nzima. Mke wangu alipowasha birika wakati kiyoyozi na maikrowevu vinafanya kazi, breka, yaani swichi ya usalama wa umeme, ikakatika na giza likaingia. Hakuna aliyekosea isipokuwa sisi, ila maelezo hayo yalistahili walau dakika moja kati ya zile kumi.

Kambi yenyewe ilikuwa juu ya kilima, na sifa yake kubwa ni kwamba mtu hushuka kwa miguu hadi bandarini. Mabafu yalikuwa safi na maji yalikuwa ya moto. Nafasi tuliyopewa iliinama kuelekea baharini, na upepo wa jioni ulitulazimisha kukunja kivuli cha turubai mapema kuliko tulivyotaka. Hata hivyo ningelipia nafasi ileile tena, kwa sababu ya kule kushuka kwa miguu.

Na kwa kweli Lunenburg ni mji wa kutembea. Ulianzishwa mwaka 1753, Waingereza walipowapeleka pale walowezi Waprotestanti waliotoka zaidi Ujerumani, Uswisi na Montbéliard, eneo ambalo leo liko Ufaransa, na ramani yake ya mitaa inayokatana kwa pembe mraba ilichorwa bila kujali kwamba ardhi ni mteremko mkali. Ramani hiyo haijabadilika sana, na ndiyo sababu mojawapo iliyoufanya mji mkongwe uingizwe na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Nyumba ni za mbao zilizopakwa rangi kali, nyingi zikiwa na kijichumba cha dirisha kilichochomoza juu ya mlango wa mbele, ambacho wenyeji hukiita nundu ya Lunenburg. Asubuhi nilidhani ningeweza kuliteremsha gari hadi karibu na gati. Nilifika katikati ya mteremko, magari yameegeshwa pande zote mbili, nikarudi kinyumenyume mtaa mzima huku mama mkwe akisoma dua kwa sauti iliyosikika hadi nje. Baada ya hapo tulitembea.

Mahali palipotuchukulia muda mrefu zaidi ni Makumbusho ya Uvuvi ya Atlantiki, yaliyomo katika majengo mekundu ya ukingoni mwa maji. Ghorofa ya chini ina matangi ya samaki hai, na watoto hawakutaka kuondoka hapo, lakini kwangu hazina yake ni meli zilizofungwa gatini ambazo mgeni anaruhusiwa kuzipanda. Theresa E. Connor, merikebu ya tanga iliyoundwa mwaka 1938, ndiyo ya kuanza nayo. Juu ya sitaha yake vidau vya makasia vimepangwa kimoja ndani ya kingine kama mabakuli, kwa kuwa mbao za kukalia hutolewa ili vidau vyote vienee. Wavuvi walipofika katika sehemu za kina kifupi za bahari kuu, vidau vilishushwa, kila kimoja na watu wawili, nao walitandaza mishipi mirefu yenye mamia ya ndoana ili kumnasa samaki ambaye Waingereza humwita cod na baadhi ya kamusi zetu humwita chewa, ingawa si chewa tunayemjua mwambao wa Afrika Mashariki. Alipasuliwa na kutiwa chumvi humohumo melini, mfano wa ng'onda. Mzee aliyetueleza haya alikuwa mvuvi mstaafu, na aliposhika mshipi vidole vyake vilifanya kazi bila yeye kuviangalia. Mwaka 1963 merikebu hii haikupata wavuvi wa kutosha waliokuwa tayari kuingia katika vidau, na uvuvi wa namna hiyo ukakoma mjini Lunenburg.

Mwaka huohuo, katika mji huohuo, iliteremshwa majini Bluenose II, nakala ya ile Bluenose ya mwaka 1921 iliyoshinda mashindano ya merikebu za uvuvi, ikawekwa kwenye sarafu ya senti kumi ya Kanada tangu mwaka 1937, kisha ikavunjika juu ya mwamba karibu na Haiti mwaka 1946. Makumbusho hayalisisitizi jambo hilo, nami naona yangelisisitiza: merikebu ya kazi ilikosa mabaharia wakati ile ya sifa ikizinduliwa. Bluenose II huchukua abiria, lakini pia hutembelea bandari nyingine, na tulipofika sisi ilikuwa safarini. Angalia ratiba kabla ya kuwaahidi watoto.

Hatua chache kutoka hapo pana mnara wa kumbukumbu wa wavuvi waliopotea, nguzo za mawe zilizopangwa kwa umbo la dira. Majina ya miaka ya 1926 na 1927 ni mengi, kwa ajili ya tufani mbili za Agosti karibu na kisiwa cha Sable, na majina ya ukoo yanarudiwa, baba, ndugu, binamu. Hapalipiwi chochote.

Alasiri tulikwenda Blue Rocks, kijiji cha wavuvi kilicho umbali wa kilomita saba au nane mashariki mwa mji, na hapa ndipo udhaifu wa gari-nyumba ulipodhihirika. Kila unapotaka kwenda mahali unahama nyumba: kuchomoa umeme, kufungua bomba la maji, kufunga makabati, kushusha vyombo. Barabara ya mwisho ni nyembamba na nafasi ya kugeuzia ni finyu. Kijiji kinastahili usumbufu huo, na miamba yake ya kibuluu yenye matabaka, vibanda vya mbao juu ya nguzo na utulivu wa maji vilitufanya tukae kimya wote. Madema ya kambakoche yalikuwa yamepangwa nchi kavu, kwa kuwa msimu wa upande huo huanza Jumatatu ya mwisho ya Novemba na kufungwa tarehe 31 Mei. Anayetaka kuwaona wavuvi wakitoka na madema, basi, aende katika baridi, wakati kambi nyingi zimefungwa.

Kuhusu kulala, vitanda vilitutosha, lakini kati ya chumba cha nyuma na sebule kulikuwa na pazia tu, na aliyewahi kusafiri na mkwe hahitaji maelezo zaidi. Mimi nilikwenda kulala mbele, juu ya dereva, pamoja na mtoto mkubwa. Asubuhi tulipanga foleni ya dakika arobaini kumwaga maji machafu, kwa kuwa kambi ilikuwa na shimo moja tu. Anza na tangi la choo, kisha lile la maji ya kuogea na vyombo, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Mwenzetu wa mbele alifanya kinyume, na foleni nzima ilisubiri alipokuwa akiosha.