Ndondi kwa wanawake Kisumu: uzoefu wangu na jimu moja ya Kondele

Mwanamke anayetafuta mahali pa kujifunza ndondi Kisumu, bei aiulize baadaye. Aangalie kwanza kocha anavyowafunga wanafunzi wake bandeji za mikononi. Wa kwetu alinifunga mwenyewe: kitanzi kwenye kidole gumba, akazungusha kifundo cha mkono, akapitisha katikati ya vidole, akarudi kifundoni. Kisha akaniambia, "Kunja ngumi, dada. Vidole vikifa ganzi tunafungua tuanze upya." Nilifungiwa upya.

Baada ya hapo ni miguu, miguu, miguu. Mguu wa kushoto mbele, kisigino cha kulia juu, kwa sababu ngumi hutoka kisiginoni ikapita kiunoni. Mkono ni wa kumalizia tu. Gunia la kupiga ngumi tulilisubiri sana. Waliokuja kupunguza tumbo tu waliondoka, na kweli tumbo hupungua, lakini mimi nilibaki kwa sababu hapa tunafundishwa kama mabondia. Raundi zetu ni za dakika 3, sawa na za wanaume. Wanawake walipoingia ulingoni Olimpiki kwa mara ya kwanza, London 2012, walipewa raundi 4 za dakika 2. Elizabeth Andiego wetu alikuwepo, uzani wa kilo 75. Miaka 6 baadaye Christine Ongare akaleta medali ya shaba ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast. Na huku Nyanza, ukimtaja bondia Conjestina Achieng wa Siaya, hata mama muuza samaki ana la kusimulia. Ndiyo maana huniudhi mtu akisema ndondi si ya wasichana wetu.

Kasoro zipo. Glavu za pamoja zina unyevu na harufu, na sponji yake imesogea nyuma hadi unalihisi gunia kwenye mifupa ya vidole. Nunua zako: aunsi 12 zinatosha kwa gunia, 16 kwa kupigana na mwenzako. Chumba cha kubadilishia nguo kina pazia badala ya mlango, na hilo halikubaliki mahali panapolipisha wanawake. Tumemwambia mwenye jimu, bado tunangoja.

Pumzi yangu imeongezeka, mabega yamekaza, usingizi unakuja bila kubembelezwa. Nawapa nyota 4. Darasa la jioni hujaa na kuisha giza likiwa limeingia, kwa hiyo asiyekaa karibu achukue la saa kumi na mbili asubuhi.