Mangi wa Nkuhungu kaweka skana: maoni ya mteja wa unga na mafuta

Nauza chapati na maandazi hapa Nkuhungu, Dodoma, kwa hiyo kwa Mangi, mwenye duka la mtaa wetu, nafika alfajiri, wakati anafungua makufuli. Nachukua unga wa ngano, mafuta, sukari, hamira na kiberiti. Sehemu kubwa ya mauzo yangu inaishia kwenye kaunta yake, na kwa haki hiyo naandika.

Duka kwa nje halijabadilika. Nondo za dirishani ni zilezile, na bango la "Kukopa harusi, kulipa matanga" bado linaning'inia juu ya makopo ya maziwa. Kilichobadilika ni kaunta. Palipokuwa na daftari na kalkuleta sasa kuna tableti iliyofungwa kwenye kibao, skana ndogo yenye taa nyekundu, printa ya karatasi nyembamba na mizani ya kidijitali yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Kijana anapitisha pakiti ya majani ya chai mbele ya ile taa, inalia "tii", jina na bei vinatokea. Bidhaa nyingi za viwanda vyetu msimbo pau wake, ile mistari myeusi yenye namba chini, unaanza na 620, na ukishalijua hilo utajikuta unageuza kila pakiti kuangalia. Mwanangu aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma anasema bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa skana dukani ilikuwa chingamu, huko Ohio, Marekani, mwaka 1974. Miaka hamsini na ushee mpaka ifike Nkuhungu. Siwalaumu, hata maji ya bomba huku yanakuja kwa ratiba.

Kwa bidhaa za pakiti, mfumo huu nausifu bila kusita. Zamani bei ya sabuni ilitegemea nani yuko kaunta: Mangi ana bei yake, mke wake ana yake, kijana naye akisahau anapaza sauti mpaka stoo. Sasa ni bei moja kwa wote, hata nikimtuma mtoto. Hamira nayo haikatiki tena hovyo, maana tableti inamwonya Mangi pakiti zikibaki chache, naye anaagiza jumla Majengo kabla hazijaisha. Ila ile karatasi isikuchanganye: ni hesabu ya duka tu, siyo risiti ya TRA, watu wa kodi. Hiyo inatoka kwenye mashine nyingine iliyo pembeni, ya EFD, ina QR ya kuhakiki, na kijana wakati mwingine anajisahau. Dai, utapewa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kufa kwa tatizo la chenji. Asiyewahi kupewa pipi mbili na kiberiti badala ya mia mbili yake asome aya hii harakaharaka. Mimi asubuhi natoka na noti ya elfu kumi, Mangi hana chenji, mimi sina muda, mafuta kwenye kikaango yanasubiri. Sasa napiga *150*00# ya M-Pesa, naingiza lipa namba iliyobandikwa ukutani, jina la duka linatokea, nathibitisha, nalipa kiasi kilekile kinachodaiwa hadi shilingi hamsini. Jirani yangu wa Airtel Money analipa kwenye namba hiyohiyo, na wa Mixx pia, maana siku hizi mitandao inasomana kupitia mfumo wa TIPS wa Benki Kuu. Tulipotoka ni kwenye vibao vinne ukutani, kila mtandao na namba yake.

Tatizo ni mtandao ukizubaa. Mangi haamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja, na simlaumu, kuna watu wanazitengeneza. Ana simu yake ya kitochi kando ya mizani, na mpaka kilie hupewi mzigo. "Subiri kidogo mama, haijaingia." Unasimama na mfuko wa unga kifuani, foleni inakutazama kama mwizi, na pesa kwako imeshakatwa. Ningemshauri kwa mteja wa kila siku aandike jina na kumwacha aende.

Sasa tuje kwenye vya kupima, maana hapo ndipo wengi wetu tunanunulia. Mafuta ya alizeti yanakuja kwenye dumu la lita ishirini kutoka kwa wakamuaji wa huku Dodoma na Singida. Dumu halina msimbo pau, na hakuna anayenunua dumu. Wananunua ya mia tano, ya elfu moja, kwenye chupa aliyokuja nayo mtu. Mangi kaweka picha ya chupa ya njano kwenye tableti, kijana anaigusa, anachagua kiasi. Ni ufundi mzuri. Lakini kipimo kina matone yake, na mkono una huruma yake, kwa hiyo mwisho wa dumu programu inaamini kuna lita tatu wakati dumu limekauka. Mangi ananiambia kila dumu likiisha anarekebisha hesabu kwa mkono. Kwa hiyo mashine inajua pakiti za kiwandani hadi moja ya mwisho, ila mafuta, dagaa na mchele bado zinahesabiwa na kichwa cha Mangi.

Juzi alikuwepo bibi mmoja wa Kigogo mbele yangu, kaja na sarafu zake anataka sukari robo. Kijana akamwamkia "Mbukwenyi", akamwaga sukari kwenye mizani, ikasoma 0.250, akaacha hapohapo na kufunga mfuko. Bibi hakuupokea. Akauliza, "Na nyongeza iko wapi?" Kijana akaonyesha mizani. Bibi akamtazama Mangi, Mangi akachota kijiko akatia juu, na tableti haikuandika kitu. Nilipenda. Duka litakaloacha nyongeza kwa sababu mizani imesema basi, sisi tutahamia la jirani.

Lawama yangu kubwa ni madeni. Daftari limehamia kwenye tableti, na kwa upande mmoja ni nafuu: nikikopa mfuko wa unga, jioni inaingia meseji ya kiasi nilichochukua na salio, na nikipunguza nalo linapungua mbele ya macho yangu. Ule ubishi wa "mama, hii hukulipa" umekwisha. Lakini skrini inatazama wateja. Kijana akifungua ukurasa wa madeni kutafuta jina langu, foleni nzima inasoma nani anadaiwa ngapi, pamoja na namba za simu. Mwalimu fulani wa mtaa huu nimejua deni lake bila kuuliza, na yeye bila shaka analijua langu. Daftari la zamani lilikuwa na jalada. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, kuigeuza tableti iwatazame wao kunahitaji bisibisi na dakika tano. Nimemwambia Mangi. Kasema atageuza.

Umeme ukikatika, mizani na tableti zinaendelea kwa betri, printa inazima. Halisumbui.

Nampa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku skrini itakapogeuzwa.

Ukienda, usiende kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, muda wa watu kutoka kazini: wote wanataka umeme wa LUKU, na kijana anarudia kuwasomea tarakimu ishirini zile mmoja mmoja. Nenda na simu yenye chaji. Mlenda wa kukausha na karanga viko kulia mwa mlango, havimo kwenye tableti kabisa. Anauza Mangi mwenyewe kwa bakuli, na bei inazungumzika.