Fulana ya kubana kifua: miezi minne ya kukimbia nayo

Mimi ni mwanamume niliyebadili jinsia na sijafanyiwa upasuaji wa kifua. Kwa miaka mitatu nilikimbia nikiwa na bainda yangu ya kila siku, yaani vazi la ndani linalobana kifua kionekane bapa. Ilinipa ujasiri wa kutoka nje, lakini dakika kumi hazikwisha kabla pumzi haijakata na kizunguzungu kuanza. Nikaamini mwili wangu ni dhaifu. Kumbe mbavu zilikosa nafasi ya kutanuka! Bainda si vazi la mazoezi, hata ikiwa ya saizi sahihi, na natamani mtu angeniambia hilo mapema.

Fulana hii ni ya michezo, ina zipu mbele na kitambaa kinachovutika. Kifua hakiwi bapa kabisa kama kwenye bainda, ujue hivyo kabla hujanunua. Ila hakitikisiki, na nikivaa tisheti pana juu yake sijioni tofauti na mkimbiaji mwingine. Pumzi inaingia mpaka chini. Siku ya kwanza nilikimbia dakika 20 bila kusimama, nikafika nyumbani machozi yananilengalenga.

Kosa langu lilikuwa kuagiza saizi ndogo nikidhani itabana vizuri zaidi. Iliniuma mbavu, nikairudisha. Ijaribu hivi: vaa, vuta pumzi ndefu, inua mikono juu, kisha chuchumaa. Pumzi ikikwama katikati, hiyo si yako.

Jambo jingine ni chumba cha kubadilishia nguo, ambacho ndicho kilinifukuza jimu zamani. Sasa naivaa nyumbani na narudi nayo nyumbani. Ubaya wake ni jasho, na tangu nianze kutumia testosteroni (homoni ya kiume) natoka jasho jingi kuliko zamani. Mshono wa kwapani ukilowa unachubua, kwa hiyo naivua mara tu nikifika, naoga na kujikausha vizuri. Ningependa watengenezaji waubadilishe mshono huo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Zamani niliiona namba hiyo kama ya watu wengine. Sasa nakimbia dakika 30 mara tano kwa wiki. Nimeshaagiza ya pili, saizi ileile, ili moja ikifuliwa nyingine iwepo.