Mfumo wa kwanza wa haidroponiki: upi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Anayetaka kulima mboga bila udongo nyumbani kwake Arusha au Moshi kwa kawaida huonyeshwa kwanza seti ya mabomba ya PVC yaliyopangwa ngazi kwa ngazi juu ya fremu ya chuma, na chini yake tangi dogo lenye pampu. Ndiyo inayopendeza machoni na ndiyo inayopigwa picha. Katika mwongozo huu nimeiweka ya mwisho kati ya mifumo minne. Kigezo nilichotumia ni kimoja: mimea itakuwa katika hali gani endapo umeme utakatika saa nne asubuhi na mwenye nyumba akarejea saa kumi na mbili jioni? Mtu anayeanza bado hajajua kusoma dalili za mimea yake, na mara nyingi ana kazi nyingine inayomtoa nyumbani mchana kutwa. Mfumo usioweza kuvumilia nusu siku bila mtu wala umeme haumfai, hata ukiwa wa bei nafuu.

Mwongozo huu hauhusu trei za shayiri au mahindi yanayooteshwa kwa siku chache kwa ajili ya kuku na ng'ombe, ambazo wafugaji wengi wa huku wanazifahamu. Chipukizi la trei huishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu. Saladi, chainizi na nyanya hukaa mfumoni kwa wiki nyingi na hutegemea virutubisho vilivyoyeyushwa majini, na hapo ndipo ununuzi unapohitaji umakini.

Maji na vipimo kwanza

Fedha zikiwa hazitoshi, punguza ukubwa wa mfumo na usipunguze vipimo. Nasema hivyo kwa sababu ya maji yetu. Maji mengi ya visima na chemchemi zinazouzunguka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano, na wakazi wa Arusha wanayajua kwa floraidi inayotia meno rangi ya kahawia na ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kwa mkulima wa haidroponiki, kinacholeta taabu zaidi ni bikaboneti ya sodiamu inayoandamana na floraidi hiyo. Bikaboneti huivuta pH ya mchanganyiko (kipimo cha uasidi, ambapo namba ndogo ni asidi zaidi) kwenda juu kila mara unapoishusha, ilhali mboga nyingi zinahitaji pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikipanda juu ya 7, madini ya chuma hubadilika kuwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyachukua, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Anayeona dalili hiyo hukimbilia kuongeza mbolea, na tatizo huzidi, kwa kuwa kilichokosekana si mbolea bali pH sahihi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimo cha pH. Kwa anayeanza, chupa ya matone yanayobadili rangi ni bora kuliko kipima cha kalamu cha bei ya chini kabisa, kwa sababu matone hayahitaji kurekebishwa. Kalamu hupoteza usahihi polepole bila kutoa ishara yoyote, na inapaswa kurekebishwa mara kwa mara kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7. Muuzaji asiye na vimiminika hivyo anakuuzia nusu ya kifaa.

Cha pili ni mita ya EC, ambayo hupima wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini. Chagua inayoonyesha milisimensi kwa sentimita, kwa sababu zinazoonyesha ppm (sehemu kwa milioni) hutofautiana: EC ya 1.0 husomeka 500 katika baadhi ya mita na 700 katika nyingine. Pima maji matupu ya bomba lako kabla ya kuweka chochote. Yakiwa chini ya 0.5, una bahati, yakizidi 1.0, nafasi kubwa ya chumvi ambazo mmea unaweza kuzivumilia imeshajazwa na vitu usivyovihitaji, na ni afadhali utafute maji mengine. Saladi hustawi kati ya 0.8 na 1.6, na nyanya inayozaa huhitaji 2.0 hadi 3.5.

Maji mbadala yaliyo bora kwetu ni ya mvua. Jaba au simtanki lililounganishwa na bati huweza kuvuna ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na ya vuli mwishoni mwa mwaka, mradi mvua ya kwanza iachwe ioshe bati. Maji ya mvua pekee, hata hivyo, hayana cha kuizuia pH isiyumbe, hivyo ni vizuri kuyachanganya na kiasi kidogo cha maji ya bomba. Waishio Moshi wanaotumia maji ya chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro kwa kawaida huanza na maji mepesi zaidi, lakini wapime vilevile. Kushusha pH, tumia asidi ya fosforasi iliyotengenezwa kwa kilimo, matone machache kwa wakati mmoja. Siki na ndimu huishusha kwa siku moja au mbili, kisha vijidudu huzila asidi hizo na pH hurudi ilikotoka. Maji ya betri yasitumike kamwe katika chakula.

Mbolea ya kununua na ya kuacha

Mbolea tulizozoea shambani hazifai hapa. Urea na DAP huipa mimea naitrojeni katika sura ambayo udongo huibadilisha kwa msaada wa bakteria, na katika ndoo ya maji bakteria hao ni wachache. NPK ya punje huacha mashapo. Zinahitajika mbolea za unga zinazoyeyuka zote, kama zile zinazotumika katika mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru: kalsiamu naitreti, magnesiamu salfeti ijulikanayo kama chumvi ya Epsom, na mbolea kamili yenye naitrojeni kidogo na potasiamu nyingi, kwa mfano ya uwiano wa 4-18-38 (naitrojeni, fosforasi, potasiamu). Soma lebo ya hiyo ya mwisho: iwe inataja chuma, manganizi, zinki, boroni, shaba na molibdeni, la sivyo itakubidi ununue madini hayo kando.

Kwa lita 10 za maji, mchanganyiko unaoaminika ni gramu 6 za mbolea kamili, gramu 3 za chumvi ya Epsom na gramu 6 za kalsiamu naitreti, zikiyeyushwa moja baada ya nyingine kwa utaratibu huo. Kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti katika maji machache, hujifunga nazo na kuwa unga mweupe unaozama chini, na mimea hukosa vyote viwili. Ndiyo maana kalsiamu huwekwa mwisho, wakati maji yote yameshajaa ndooni, na ndiyo maana usinunue chupa moja ya "dawa ya haidroponiki" iliyokolezwa ambayo muuzaji anadai ina kila kitu. Utahitaji pia mizani midogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja.

Nafasi ya kwanza: ndoo isiyo na pampu

Njia hii ilienezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Ndoo yenye mfuniko hutobolewa matundu, mche huwekwa ndani ya kikopo chenye vitundu, na mchanganyiko hujazwa hadi uguse sehemu ya chini ya kikopo. Mmea unapokunywa, maji hushuka, na mizizi iliyoachwa wazi hugeuka kuwa ya kupumua hewa. Hakuna umeme, na hakuna kinachoharibika. Ndoo ya lita 20 inatosha saladi mbili au tatu, kwa kuwa kila mmoja hunywa takribani lita 4 hadi 8 kutegemea joto, na huvunwa baada ya wiki tano au sita tangu kupandikizwa.

Nunua ndoo zilizowahi kuwa na mafuta ya kula, na uziache zilizokuwa na rangi au kemikali. Ndoo isipitishe mwanga hata kidogo; inayoonyesha kivuli cha mkono kwa ndani itajaa mwani wa kijani ndani ya siku chache, hivyo ipakwe rangi nyeusi kwanza na nyeupe juu yake ili isinyonye joto. Vikopo vya mtindi vilivyotobolewa kwa msumari wa moto vinatosha, na vipande vya sponji hushikilia miche. Mfuniko ufunge sawasawa: maji yaliyotulia ni mazalia ya mbu, na kwa Moshi hilo si jambo la kupuuza. Pakiwa na mwanya wowote, uzibwe kwa kipande cha chandarua.

Ukiongeza maji, usiyarudishe hadi juu yalipokuwa, kwani utaizamisha mizizi ya hewa na mmea utanyauka ukiwa majini. Acha angalau nusu ya mizizi nje. Chainizi, figiri na mnavu nao hufaa. Mbegu za mnavu aina ya Nduruma, iliyoendelezwa Tengeru, ni chaguo zuri kwa familia za huku. Nyanya usiziweke humo, kwa sababu zitamaliza ndoo haraka kuliko utakavyoweza kuzifuata.

Nafasi ya pili: ndoo za mawe ya volkano

Anayetaka nyanya au hoho anunue huu. Ndoo za lita 10 hadi 20 hujazwa mawe mepesi ya volkano yenye vinyweleo, na mchanganyiko hushuka kwa mipira ya matone kutoka kwenye jaba lililoinuliwa kama mita moja juu ya ndoo. Tundu la kutolea maji hutobolewa sentimita 4 hivi juu ya kitako, ili akiba kidogo ibaki chini. Mawe yenyewe ndiyo faida yetu kubwa: yale ambayo kwingineko huuzwa kwa mfuko mdogo wa bei kubwa, hapa huchimbwa kwa ajili ya ujenzi. Chagua ya ukubwa wa punje ya mahindi hadi ya maharage, yaoshe mpaka maji yatoke safi, na uyaloweke, kwa kuwa vumbi lake hupandisha pH. Waliopo karibu na mashamba ya mpunga ya Lower Moshi wanaweza kuchanganya makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kugeuka majivu. Huhifadhi unyevu vizuri.

Mfumo huu nimeuweka wa pili kwa sababu ya chumvi tu. Maji yakikauka juu ya mawe huacha chumvi, nayo huunguza kingo za majani. Kila baada ya wiki mbili pitisha maji matupu mengi mpaka yanayotoka chini yakaribiane EC na yanayoingia.

Nafasi ya tatu: maji yenye pampu ya hewa

Huu unafanana na ule wa kwanza, ila pampu ndogo hupuliza hewa kwenye maji mchana na usiku, na mimea hukua haraka zaidi. Nunua pampu yenye matundu mawili ya hewa, uiweke juu kuliko usawa wa maji ili maji yasirudi ndani yake umeme unapokatika, na uache nafasi ya hewa ya sentimita 5 chini ya mfuniko. Nafasi hiyo ndiyo kinga: pampu ikizima, mizizi ya juu itaendelea kupumua.

Adui hapa ni joto. Maji ya nyuzi 18 hadi 22 hushika oksijeni ya kutosha; yakipita 25 oksijeni hupungua na ukungu wa Pythium huingia, mizizi ikawa ya kahawia, yenye utelezi na harufu mbaya. Moshi kati ya Januari na Machi ndoo iliyoachwa juani hupita kiwango hicho kwa urahisi, hivyo ifukiwe nusu ardhini au iwekwe ndani ya boksi la foamu la kusafirishia samaki, chini ya neti ya kivuli. Arusha ya Juni na Julai ina shida ya upande mwingine: mimea hudumaa kwa baridi, na anayeanza hudhani virutubisho vimepungua, akaongeza, akaiunguza.

Nafasi ya nne: mabomba yenye maji yanayotiririka

Mbinu hii, iliyoendelezwa na Allen Cooper nchini Uingereza, hupitisha utando mwembamba wa maji chini ya mizizi bila kukoma. Ni mbinu nzuri mikononi mwa mzoefu mwenye umeme wa akiba. Kwenye jua la mchana, pampu ikisimama kwa saa moja au mbili, saladi hulala. Ikisimama nusu siku, nyingi haziinuki tena. Mabomba nayo hupata joto juani na kuyapasha maji yote ya mfumo.

Anayeazimia kuununua hata hivyo aombe kuuona ukifanya kazi ukiwa na mimea iliyokomaa, kwa sababu mizizi mikubwa ndiyo inayoziba bomba. Mteremko uwe takribani sentimita 2.5 kwa kila mita, kila bomba lipate lita 1 hadi 2 kwa dakika, na miisho yake ifunguke kwa mkono, isiwe imegandishwa kwa gundi, kwa sababu baada ya kila mavuno mabomba lazima yasuguliwe ndani, yapitishiwe maji ya klorini na kusuuzwa kabla ya miche mipya kuwekwa.