Kuomba hela za mfuko wa sanaa wa umma: nawapa nyota 2 na nusu

Mi nafanya sanaa ya video, ile ya kupiga projekta ukutani na sauti juu yake, sio bongo muvi wala video ya mwanamuziki, na hapo ndo shida ilipoanzia. Fomu ya mtandaoni inakutaka uchague fani, kuna muziki, filamu, maigizo, ufundi (yaani uchoraji, uchongaji na vitu hivyo), basi. Nikaweka filamu, nikaambiwa leta kibali cha Bodi ya Filamu, nikabadili nikaweka ufundi wakaniuliza mbona bajeti ina projekta 3 na hakuna hata kopo la rangi 😂. Ukweli sheria zenyewe za zamani, ya filamu ni ya 1976, ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ni ya 1984, nani enzi hizo angewaza vitu hivi.

Ila nisiwe mchoyo, dada wa dawati la msaada alipokea simu kila nilipopiga, alinielekeza nieleze kazi kwa lugha ya mtu asiyejua sanaa, kwamba watu watakuja wapi na wataona nini. Hiyo imenisaidia kuliko semina zote.

Andaa mapema kitambulisho cha NIDA, TIN (namba ya mlipakodi) na cheti cha BASATA, na TIN usilipie mtu wa steshenari, TRA wanatoa bure. Pia pandisha mafaili usiku, mchana mtandao wao unagoma ukifika kwenye video.

Huu ni mwezi wa tano tangu niombe na sijajibiwa, hata "hapana" sijapata.