Pipa zuri, mfuniko wa kubahatisha: miezi saba na seti ya kuchanganyia maji ya chumvi

Nina tangi la viumbe wa baharini nyumbani, na maji yake ya chumvi nachanganya mwenyewe. Kabla ya pipa hili nilikuwa mtu wa ndoo. Ndoo mbili za lita 20 bafuni, nakoroga kwa mwiko wa plastiki mpaka bega linauma, na bado chini unakuta chumvi imetuama kama mchanga. Siku moja, kwa haraka zangu, nikatanguliza chumvi kwenye ndoo kisha nikaimiminia maji. Yakageuka tui. Kumbe chumvi nyingi ikikutana na maji kidogo, kalsiamu na kaboneti hushikana zikawa unga wa chokaa, na unga huo hauyeyuki tena hata ukoroge mpaka kesho. Nikamwaga yote.

Ndipo nikanunua seti hii: pipa la lita 100 la plastiki salama kwa chakula, pampu ndogo, hita, na koki ubavuni.

Pampu ndiyo inayonifanya nisijute. Nalijaza pipa maji yaliyochujwa kwa osmosisi (yamepitishwa kwenye utando unaozuia chumvi na uchafu), nawasha pampu, halafu ndiyo naongeza chumvi, kikombe baada ya kikombe, huku maji yanazunguka. Jioni naweka, asubuhi nakuta maji meupe kama kioo, naona mpaka skrubu za pampu kule chini. Hita naiwasha mkesha wa kubadilisha maji tu, yafike nyuzi 25 kama tangini. Ukiiacha inawaka wiki nzima inavaa ukoko wa chokaa, na ukoko huo ni kalsiamu uliyoilipia.

Sasa malalamiko. Ile mistari ya lita iliyochorwa ubavuni ni mapambo. Niliifuata mara ya kwanza: mstari wa 80, gramu 38 za chumvi kwa lita kama ninavyofanya na chumvi yangu, nikategemea refraktomita, kifaa cha kupima chumvi majini, isome 35, yaani sehemu 35 za chumvi kwa elfu. Ikasoma 36 na ushee. Nikashuku kifaa, nikakirekebisha upya kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, jibu likawa lilelile. Nikachukua ndoo ninayoiamini nikapima pipa upya: mstari wa 80 ni lita 77! Nimechora mistari yangu kwa kalamu ya wino usiofutika.

Mfuniko ndio mbaya zaidi. Umekalia tu mdomo wa pipa, haubani. Nilisafiri wiki tatu, nikarudi nikakuta lita nne zimekwenda na hewa na kipimo kiko 36 na nusu. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo nilirudishia maji matupu. Siku hizi natandika nailoni chini ya mfuniko na kuifunga kwa mpira.

Koki iko vidole vinne juu ya kitako, hivyo kuna maji hayatoki mpaka uliinamishe pipa. Mwanzoni nilinung'unika. Sasa naona heri, takataka zinabaki huko chini badala ya kuingia tangini. Nikilisafisha, pampu nailoweka kwenye siki na maji, chokaa inatoka yenyewe.

Karatasi ya maelekezo inasema maji yaliyochanganywa hukaa muda wowote. Aliyeandika hivyo hajawahi kubadili chumvi. Mfuko wa chumvi yangu ya kwanza ulionya maji yatumike siku hiyohiyo. Nikajifanya mjuaji, nikayaweka wiki mbili, kuta za pipa zikaota utando wa kahawia unaoteleza. Chumvi niliyohamia inavumilia wiki mbili hizo bila shida. Soma mfuko, usisome karatasi ya pipa.

Nyota tatu na nusu. Nimewaandikia wauzaji mara mbili kuhusu mfuniko, wakanijibu kwa upole kabisa, na kunitumia picha ya mfuniko uleule.